Bei elekezi, baraza au makubaliano: mwenye vyumba sita adai sheria ipi?

Jumamosi iliyopita wenye nyumba wa mtaa wetu huku Mbagala tulikaa kikao, kwenye viti vya plastiki vilivyobaki msibani jirani. Ajenda ilikuwa moja, ile inayorudi kila inapovuma habari kwamba serikali inaleta sheria ya pango: tumwambie nini diwani akapeleke juu? Mzee mmoja mwenye nyumba ya vyumba kumi alisimama, akavua kofia, akasema, "Wakileta bei elekezi mimi navunja, napanda mihogo." Tukacheka, tukapiga makofi, na kikao kikafungwa kwa azimio la sentensi moja: wenye nyumba hatutaki serikali iguse pango.

Makofi nilipiga na mimi. Nilipokuwa narudi nyumbani ndipo nikakumbuka chumba changu cha tatu kutoka chooni, na yule mpangaji aliyehama usiku na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, baada ya kukaa miezi 11 bila kulipa. Watu zaidi ya ishirini tulikaa saa mbili kuongelea pango, na hakuna aliyegusa habari ya mpangaji asiyelipa. Tulibishana juu ya bei peke yake.

Basi nimekaa na kalamu nikaziweka nchi tatu kwenye mizani. Uganda, ambako serikali imeweka kikomo cha kupandisha pango. Kenya, ambako kuna mabaraza ya pango tangu zamani. Na sisi Tanzania Bara, ambako tangu 2005 bei ni makubaliano ya watu wawili (Zanzibar ina sheria zake za ardhi, nayo naiacha kwa leo). Ninaowaandikia ni watu wa vyumba vitatu hadi kumi na mbili, wanaoishi uani na wapangaji wao au mitaa miwili mbele. Wenye maghorofa wana mawakili wao.

Neno moja kabla sijaendelea. Kwetu "kodi" ni ya mpangaji na ni ya serikali pia, na nimeshuhudia vikao viwili vikiharibika kwa sababu hiyo tu. Hapa anacholipa mpangaji nakiita pango, na inachochukua serikali ndiyo kodi.

Kampala: asilimia 10, basi

Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa wenye nyumba na wapangaji mwaka 2019, Rais Museveni akaurudisha, na sheria ikatiwa saini 2022. Inayozungumzwa sana ni ile ya asilimia 10: mwenye nyumba haruhusiwi kupandisha pango zaidi ya hapo kwa mwaka. Zipo nyingine. Pango la mbele lisizidi miezi 3. Makubaliano yanayofikia shilingi 500,000 za Uganda yawe kwa maandishi, na ujumbe wa kielektroniki unahesabika kuwa maandishi. Kumtoa mpangaji ni kwa amri ya mahakama. Kumfungia mlango au kumkatia maji ili akimbie mwenyewe ni kosa.

Shemeji yangu ana vyumba vya mstari pembezoni mwa Kampala, vile ambavyo kule huitwa mizigo. (Ukisikia mtu wa Kampala anatafuta muzigo, usimwitie mkokoteni. Anatafuta chumba.) Nilimuuliza kama asilimia 10 inambana. Akasema hajawahi kupandisha kiasi hicho, kwa sababu akipandisha anabaki na vyumba vitupu.

Nikapiga hesabu ya kwangu. Chumba changu ni 60,000 kwa mwezi. Kwa kipimo cha Uganda, mwakani ningeruhusiwa kufika 66,000, na mwaka unaofuata 72,600. Mara ya mwisho nilipandisha kutoka 50,000 kuja 60,000, na hiyo ni baada ya miaka mitatu ya kuona aibu. Kama ningefuata kikomo cha Uganda na kukitumia chote kila mwaka, mwaka wa tatu ningekuwa kwenye 66,550. Maana yake kikomo kile kiko juu ya kile ninachopandisha kwa hiari yangu.

Lakini kina tabia yake. Mimi nilikaa miaka mitatu kimya, kisha nikaruka kwa asilimia 20 mara moja. Kwa sheria ya Uganda mruko huo haupo. Mwenye nyumba mpole anayesahau kupandisha anajikuta ameachwa nyuma na hawezi kufidia, kwa hiyo akishaelewa atapandisha kila Januari, kidogo kidogo, ili asipoteze zamu. Wapangaji wanaodai kikomo wangelijua hili mapema. Kikomo kinachoitwa "asilimia 10 mwisho" huko mtaani husomeka "asilimia 10 kila mwaka".

Kinapobana kweli ni kwa mtu aliyempangisha mpwa wake kwa bei ya undugu, mpwa akahama na kumwacha rafiki yake ndani. Au kwa aliyeweka vigae, choo cha ndani na tanki la maji, akataka pango la chumba kipya huku sheria ikikiona ni kile kile. Ukija kudai chochote kwenye muswada wenye kikomo, dai kifungu cha matengenezo. Hapo ndipo pesa yako ilipo.

Nairobi: shilingi 2,500 zilizogandishwa

Kenya nawaonea wivu kwa jambo moja na kuwahurumia kwa jingine.

Wana sheria ya kudhibiti pango tangu 1959, na baraza lake la kusikiliza mashauri ya nyumba za kuishi. Baraza lenyewe lina uwezo wa kupanga pango halali na kuamua nani atoke na nani abaki, na mwenye nyumba na mpangaji wote wanaweza kulikimbilia. Kwa mtu wa vyumba hiki ni kitu kizuri sana: mahali pa watu wanaojua habari ya pango na hawana kesi za mauaji na za urithi kwenye foleni moja na yako.

Taabu ni kwamba sheria ile inahusu nyumba ambazo pango lake halizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, na pango halali linapimwa kwa kuangalia nyumba ililipiwa ngapi tarehe 1 Januari 1981. Dada yangu ana ploti ya vyumba nane Kayole, kila kimoja 6,000. Kwa sheria hiyo yeye ni tajiri, baraza halimhusu. Kazi yake inaishia kwenye mahakama za kawaida, ambako hajawahi kwenda, kwa sababu ana keteka, yaani mwangalizi wa ploti, na keteka ana kufuli.

Nilipomtembelea niliziona kufuli zenyewe, nne, zimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa keteka, mbili zikiwa mpya kabisa. Tarehe 10 ikipita, kufuli linapanda mlangoni. Dada anajua si halali. Wapangaji wanajua si halali. Anayefungiwa huenda akakope, alipe, na kufuli lishuke. Kila mtu anaichukia hali hiyo, na ipo kwa sababu mlango halali umefungwa kwa namba ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kuibadilisha.

Wapangaji nao wana hesabu zao. Nairobi pango hulipwa mwezi kwa mwezi pamoja na dipoziti ya mwezi mmoja, na mpangaji mjanja hatoi notisi: mwezi wa mwisho anaacha kulipa, anasema "kateni kwenye dipoziti", anahama na kuacha balbu zimeng'olewa na bomba la sinki linavuja. Dipoziti iliyowekwa kwa ajili ya uharibifu inakuwa imeliwa kabla uharibifu haujaonekana.

Upande wa maduka mambo ni mengine. Sheria ya 1965 inamlinda mpangaji wa duka, hoteli au mgahawa ambaye hana mkataba wa maandishi au mkataba wake hauzidi miaka 5. Huyo humtoi wala humpandishii bila notisi rasmi ya miezi miwili, na akipinga mnakwenda kwenye baraza la pango la majengo ya biashara. Matokeo yake Nairobi imejaa mikataba ya miaka 5 na miezi 3. Miezi mitatu hiyo haina kazi nyingine, ipo kwa ajili ya kutoka nje ya uzio wa sheria. Mwenye fremu hapa Dar aliangalie hili vizuri kabla hajaomba "ulinzi kama wa Kenya".

Mwaka 2021 ulipelekwa bungeni kwao muswada wa kuziunganisha sheria tatu kuwa moja: ya nyumba za kuishi, ya maduka, na ile ya kukamata mali za mpangaji kwa deni la pango. Wazo lilikuwa zuri, na lilianza kwa kukubali kwamba namba iliyoandikwa ndani ya sheria huzeeka. Nasi tukifika kwenye kuandika viwango, tusiandike shilingi. Tuandike kwamba waziri atavipitia upya kila baada ya miaka kadhaa, na tuitaje hiyo miaka.

Dar es Salaam: elewaneni wenyewe

Kwetu hapa kuna historia ambayo vijana wenye nyumba hawaijui, na wazee hawaisahau. Mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo iliyachukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Yakaenda kwa Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mzee wa mihogo alipokuwa kijana alifanya kazi ya fundi rangi Kariakoo na aliona mabango yakibadilishwa. Akisikia "serikali" na "pango" katika sentensi moja, moyo wake unarudi 1971. Huwezi kumjibu kwa vifungu.

Baadaye ikaja Sheria ya Kudhibiti Pango ya 1984, nayo ikafutwa 2005. Tangu hapo msingi ni Sheria ya Ardhi ya 1999 na makubaliano yenu. Hakuna kikomo cha bei. Ugomvi unaanzia baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Suluhu ikishindikana ndani ya siku 30, mnapanda baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Kwenye karatasi mwenye nyumba wa Tanzania ndiye huru kuliko wote watatu. Uhuru huo unauona kwenye kitu kimoja: miezi sita ya mbele. Mpangaji anakuja na dalali, analipa miezi sita, wengine mwaka mzima, pamoja na mwezi mmoja wa dalali, na mkataba unaandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mjumbe.

Watu wa nje wanaona ni uroho. Nikieleza kutoka ndani, miezi sita ni mambo mawili. Kwanza ni benki yetu. Miezi sita ya mpangaji wa kwanza ndiyo iliyonunua bati za chumba cha nne na cha tano. Hakuna benki ambayo ingenipa mkopo kwa nyumba isiyo na hati. Pili, na hili hatulisemi kikaoni, miezi sita ni mahakama yetu. Tunachukua pesa mapema kwa sababu tunajua mtu akiacha kulipa hatuna pa kwenda kwa haraka. Nairobi wana kufuli, sisi tuna miezi sita. Vyote viwili vinafanya kazi ambayo ilipasa ifanywe na baraza.

Ndiyo maana kila linapotolewa tamko kwamba wapangaji walipe mwezi kwa mwezi, mtaani halifiki mbali. Ukimnyang'anya mwenye nyumba miezi sita bila kumpa kitu cha kuchukua nafasi yake, atatafuta kufuli.

Kirikuu cha saa nane usiku

Sasa yule mpangaji wangu. Alilipa miezi sita vizuri. Ikaisha, akaomba wiki mbili, nikampa. Akaomba mwisho wa mwezi, nikampa, kwa sababu mkewe alikuwa amejifungua na mimi ni binadamu. Mwezi wa tatu wa deni nikaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akaandika barua. Kwenye baraza la kata mpangaji alikuja mara moja, akaahidi mbele ya watu kulipa kidogo kidogo, hakurudi. Nikapanda wilayani. Sitasema ni wilaya gani. Mara ya kwanza tuliahirishwa kwa sababu faili halikuonekana. Mara ya pili mwenyekiti wa baraza alikuwa safarini. Mara ya tatu yeye mpangaji alileta cheti cha hospitali. Nauli yangu ya daladala, nakala na mwandishi wa maombi niliziandika zote nyuma ya kalenda, mpaka nafasi ikaisha.

Mwezi wa 11 wa deni, saa nane usiku, nikasikia injini ya kirikuu. Nilipotoka alikuwa ameshapakia kitanda. Tukatazamana. Akasema, "Mama, nisamehe." Nikamwambia aache ufunguo.

Hesabu iliyobaki ni 60,000 mara 11, yaani 660,000, bila nauli.

Tuiweke pembeni ya hofu tuliyoipigia makofi. Tuseme Tanzania inaleta kikomo cha asilimia 10, na soko la mtaa wangu linataka chumba kiende 70,000. Nitalazimika kubaki 66,000. Nimepoteza 4,000 kwa mwezi, 48,000 kwa mwaka kwa chumba kimoja. Kwa vyumba vyote sita ni 288,000. Mtu mmoja na kirikuu chake alinilia zaidi ya miaka miwili ya hasara hiyo kwa nyumba nzima, na kwa chumba chake peke yake karibu miaka 14.

Baada ya hesabu hii sikuweza tena kuamini kwamba adui wangu mkubwa ni bei elekezi.

Tuziweke pamoja

| | Uganda | Kenya | Tanzania Bara |
|---|---|---|---|
| Kupandisha pango | Si zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka | Linadhibitiwa hadi 2,500 kwa mwezi. Juu ya hapo ni mkataba | Makubaliano, tangu 2005 |
| Malipo ya mbele | Si zaidi ya miezi 3 | Desturi: mwezi mmoja na dipoziti | Desturi: miezi 3, 6 hadi 12 |
| Nyumba ya kuishi, mpangaji asiyelipa | Amri ya mahakama | Baraza kwa pango dogo. Wengine mahakama | Kata kwa suluhu, kisha baraza la wilaya |
| Duka au fremu | Sheria ile ile ya 2022 | Baraza la biashara, sheria ya 1965 | Njia ile ile ya kata na wilaya |
| Kodi ya mapato ya pango kwa mtu binafsi | Asilimia 12 ya kinachozidi 2,820,000 kwa mwaka | Asilimia 7.5 ya pango lote, kwa anayepata 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka | Asilimia 10 |

Mstari wa mwisho, wa kodi, unahitaji maelezo kidogo. Kenya walikuwa asilimia 10, wakashuka hadi 7.5 kuanzia Januari 2024. Dada yangu kwa vyumba vinane vya 6,000 anapata 576,000 kwa mwaka vikijaa, na kodi yake inakuwa 43,200, analipa kwa simu kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hakatwi gharama za matengenezo wala riba ya mkopo. Ni pango lote. Uganda nao hawakubali mtu binafsi aondoe gharama, isipokuwa hiyo 2,820,000 ya mwanzo. Kwa mwenye nyumba anayejenga kwa mkopo hilo linauma kuliko kikomo cha pango, na bado sijasikia kikao cha wenye nyumba kikilipigia kelele kama kinavyopigia bei.

Kwetu kodi ya zuio ya asilimia 10 ilizua maneno mengi 2022, watu wakiulizana nani akate na nani apeleke. Ila inayoonekana kila siku uani ni kodi ya majengo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilianza 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na sasa ni 1,500. Inakatwa kwa anayenunua umeme wa kwanza mwezi huo. Nyumba yangu ina mita moja na wapangaji sita. Tarehe 1 umeme ukikaribia kuisha, uani panakuwa kimya: kila mtu anasubiri mwenzake anunue. Siku hizi nawatumia 1,500 yao mapema, ni kodi yangu mimi, na amani imerudi. Mwenye nyumba anayemwachia mpangaji mzigo huo asishangae mpangaji akianza kutafuta la kufidia.

Kwa hiyo uchague ipi?

Inategemea una nini, na hapa ndipo kikao chetu kilipokosea kwa kusema "wenye nyumba" kama vile sote ni kitu kimoja.

Ukiwa na vyumba vya kupangisha kama mimi, ningechukua kikomo cha Uganda bila kusita, ili mradi nipewe baraza kama la Kenya lenye saa ukutani. Saa ndiyo dai langu. Shauri la mpangaji asiyelipa lisikilizwe ndani ya siku zilizoandikwa kwenye sheria, tuseme 60. Likiahirishwa, mpangaji aweke pango la mwezi huo kwenye akaunti ya baraza mpaka uamuzi utoke. Mwenye shida ya kweli atalindwa, na mwenye kirikuu atahama mapema zaidi. Nikipewa hivyo viwili, miezi sita ya mbele nitaiachia. Najua kauli hii itanigombanisha na nusu ya mtaa. Lakini mpangaji akilipa mwezi kwa mwezi hakopi kikoba ili anilipe, na chumba hakikai kitupu wiki tano kikisubiri mtu mwenye laki tatu na sitini mkononi.

Ukiwa na fremu, usikubali kupakiwa kwenye gari moja na vyumba. Mfanyabiashara na mama mwenye mtoto mchanga hawahitaji ulinzi wa aina moja. Angalia miaka 5 na miezi 3 ya Nairobi: ulinzi uliowekwa kwa nia njema umewafanya wenye maduka waandike mikataba ya kukwepa. Hapo mimi naunga mkono makubaliano huru, yaandikwe, na notisi iwe ndefu ya kutosha mtu kuuza mzigo wake.

Wa nyumba kubwa za Masaki na Mikocheni wao hawana haja ya kikomo wala baraza dogo. Kilichowabadilishia mambo ni kanuni za Machi 2025 zilizokataza kutoza kwa fedha za kigeni hapa nchini. Waliozoea kuandika dola wanaandika shilingi. Uganda nao wanataka shilingi, ila mkikubaliana vingine inaruhusiwa.

Wapo pia wanaokaa na mpangaji ndani ya nyumba moja, sebule moja, jiko moja. Kwa hao siombi sheria ngumu ya kumtoa mtu. Ugomvi wa jikoni hauwezi kusubiri baraza la wilaya. Watengewe kifungu chao, notisi fupi, pesa iliyobaki irudishwe siku hiyo hiyo.

Na wanaosema tuache kama ilivyo, kwa kuwa uhuru tunao? Ningewaelewa kama uhuru huo ungekuja na mahali pa kukimbilia. Sasa hivi tuna uhuru wa kupanga bei na hatuna namna ya kuipata bei hiyo mtu akigoma. Tena ukimya wetu una gharama. Wapangaji wa mjini ni wengi kuliko sisi, wanapiga kura, na siku sheria itakapoandikwa itaandikwa na aliyefika mezani. Tukifika na sentensi moja ya "hatutaki", itapokelewa, itawekwa kwenye faili, na vifungu vitaendelea kuandikwa bila sisi. Uganda muswada ulirudishwa mara moja na bado ukawa sheria miaka mitatu baadaye.

Karatasi ya Jumamosi

Nimeandika ukurasa mmoja wa kumpa diwani kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Una madai matatu: baraza lenye ukomo wa siku na pango kuwekwa kwenye akaunti wakati shauri linaendelea; kikomo cha kupandisha chenye kifungu cha matengenezo na kiwango kisichoandikwa kwa shilingi; na fremu zitenganishwe na vyumba. Chini yake nimebandika hesabu ya chumba cha tatu, pamoja na ile kalenda.

Kabla ya kuupeleka nilipita kwa mzee wa mihogo, kwa sababu asipokubali yeye kikao hakitakubali. Alikuwa barazani anakunywa chai. Akausoma mara mbili, miwani imeshuka puani. Asilimia 10 akaikunjia uso. Alipofika kwenye hesabu akanyanyua kichwa.

"Hii laki sita na sitini, ulilipwa?"

"Sikulipwa, mzee."

Akakaa kimya, kisha akaingia ndani. Alirudi na daftari la kaunta lililoliwa na mende pembeni, akalifungua kwenye ukurasa wenye majina manne, kila jina na deni lake, la kwanza likiwa la 2009.

"Na haya yaweke," akasema. "Mihogo tutaongea baadaye."